Roho inataka kahawa na uko nchi za watu: namna ya kupata baraza yako ugenini

Mtu wa Amu, yaani Lamu, ukimtoa kisiwani ukampeleka nchi za watu, chakula atavumilia, baridi atavumilia, lakini alasiri ikipita hajapata kahawa na mtu wa kuzungumza naye utamuona anatembea chumbani huku na huku kisha anapiga simu nyumbani kuuliza habari alizoziuliza asubuhi. Na siku hizi watu wetu wanasafiri si mchezo, kuna wa umra, kuna wa matibabu India, kuna wenye watoto London na Muscat, kuna wafanyabiashara wa nguo wanaokwenda Istanbul, na swali ni lilelile, wapi nitapata mahali nikae ninywe kahawa nisijione mgeni. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye simu, naandika yote hapa mara moja.

Kwanza hiyo kahawa yenyewe isikusumbue, kahawa nzuri iko kila mahali na mashine za Nairobi na za Paris ni zilezile. Kinachofanya mahali pawe pa kukaa ni wale wanaokuja kila siku, na hao wewe utawajua haraka manake umeshawaona nyumbani. Fikiria pale Mkunguni mbele ya Ngome jioni, dele, birika la kahawa, liko juu ya makaa, kahawa tungu na tangawizi yake, vikombe vinaoshwa vinazunguka, mzee anafika hasemi neno ashashikishwa kikombe, hapa wanacheza bao pale dhumna, mmoja anasoma habari kwenye simu kwa sauti na wengine wanambishia. Sasa mtalii akishuka boti gatini anakwenda kukaa mikahawa ya pwani yenye menyu ya juisi na waifai, siku ya tatu anaondoka anasema Lamu nimeimaliza, na hao watu wenyewe walikuwa hatua chache nyuma ya mgongo wake, Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na mitaa ya ndani. Basi ukifika kwao wewe ndio yule mtalii. Ondoka barabara ya mbele, ingia ndani mitaa miwili mitatu, huko ndiko utaanza kuona viti.

Kazi yenyewe anza usiku kabla hujalala. Fungua Google Maps lakini usichukue tu ile yenye nyota nyingi, hizo nyota nyingi zimepigwa na wapita njia kama wewe. Angalia saa ya kufungua. Kahawa inayofunguliwa saa nne asubuhi ni ya watu wa laptopu na picha, inayofunguliwa saa kumi na mbili ni ya dereva wa basi, nesi aliyetoka zamu ya usiku, mchuuzi anayeenda soko la samaki, na hao ndio wenzako. Kisha tazama imepakana na nini, soko, msikiti, stesheni ya treni, hospitali, chuo. Halafu soma maoni ya wateja, yale yaliyoandikwa kwa lugha ya pale sio ya Kiingereza, bonyeza yatafsiriwe, na ukikuta mtu analalamika ati wazee wanakalia meza masaa na hawaondoki, weka alama hapohapo, ushapata.

Asubuhi pita kwa miguu, pita tu usiingie, chungulia. Je anayeingia anasalimiwa au anaangaliwa kama risiti? Kuna mtu mzima amekaa peke yake na gazeti na kikombe kishakauka na hakuna anayemsumbua anunue chengine? Kuna mtu amepewa kinywaji kabla hajafungua mdomo? Bei zimeandikwa mahali zinaonekana? Na weita yuko wapi, ndani anafanya kazi au mlangoni anavuta watu mkono? Sehemu za watalii Istanbul, pale karibu na Sultanahmet, utaitwa rafiki yangu na watu kumi kabla hujafika msikitini, na mahali panapokuita hivyo mara nyingi bili yake ni ya kukumbuka. Mapambo mi sitaki hata kuyazungumzia, kiti kilichochanika hakijawahi kuharibu kahawa ya mtu.

Ukiingia, salamu kwanza. Hapa sisi hatuna shida kwa sababu tumelelewa na hodi na salamu aleikum, lakini nimeona watu wetu wakifika Ulaya wanaona haya, wanaingia kimya wananyoosha kidole kwenye keki. Ufaransa ukiingia bila kusema bonjour utahudumiwa kwa uso wa jiwe na utarudi nyumbani useme Wafaransa wabaguzi, kumbe wewe ndio umeingia nyumba ya watu bila hodi. Italia buongiorno. Uturuki kwenye vibanda vya wazee salamu aleikum yako inatosha na utajibiwa na chumba kizima, na ukimkuta mtu kazini mwambie kolay gelsin, yaani kazi iwe nyepesi, ukimaliza kunywa mwambie aliyekupikia eline sağlık, mkono wako uwe na afya. Jifunze maneno matatu tu kwenye ndege, salamu, tafadhali, asante, hayo mengine mikono itasaidia.

Sasa nchi kwa nchi kidogo, si zote, zile ambazo watu wetu wanakwenda sana.

Addis Ababa naanza nayo kwa sababu wengi mnapita pale na Ethiopian Airlines mnalala usiku mmoja, na mnalala kweli, hamtoki hotelini, hasara tupu. Kule kahawa ni kazi ya kina mama na iko barabarani, utaona mama amekaa kwenye kigoda, nyasi mbichi zimetandazwa chini, ubani unafuka, mtungi mweusi wa udongo wanaouita jebena uko juu ya jiko na vikombe vidogo visivyo na mkono vimepangwa. Kaa kwenye kigoda. Ukibahatika ukakuta anakaanga buni palepale atakupitishia moshi wake puani, usikimbie, vuta harufu useme kitu kizuri. Bisi zinaweza kuja pembeni. Ukialikwa nyumbani kwa mtu kahawa ni duru tatu, abol, tona, na ya mwisho baraka, na kuinuka baada ya ya kwanza si adabu kwa hivyo usiende ukiwa na haraka ya flaiti, ila ya barabarani unalipa kikombe chako unaenda zako. Wapenda za mashine kuna mkahawa wa TO.MO.CA, ipo tangu 1953, pale watu wanakunywa wima na makiato zao na kelele zake ni tamu. Na kitu kitakachokufurahisha, saa zao wanahesabu kama zetu, siku inaanza alfajiri, mama akikwambia njoo saa mbili asubuhi ni ileile saa mbili yako, japo simu itakuonyesha nane, ila akijua wewe mgeni anaweza kukugeuzia kwa hivyo muulize ni saa ya wapi.

Muscat ni nyumbani na si nyumbani. Watu wanakwenda wakitarajia kuona kahawa kila kona, wanakuta kila kona ni chai ya karaki, chai nzito ya maziwa, kwenye vikahawa vya Wahindi, na watu wanaletewa chai hadi kwenye gari hawashuki. Kahawa yenyewe, ile nyepesi ya iliki, pengine na zaafarani au maji ya waridi, inakaa majumbani na kwenye mabaraza yao ya mtaa, na pia pale Soko la Muttrah kwenye maduka ya halua. Fanya hivi, nenda duka la halua jioni, onja, zungumza, nunua kidogo usiwe mtu wa kuonja tu, na kahawa inaweza kuja yenyewe. Tende kwanza kisha kikombe, pokea kwa mkono wa kulia, kitajazwa kidogo sana usidhani umenyimwa, kidogo maana yake utaongezewa, na ukitosheka tikisa kikombe unapokirudisha, usipotikisa utamiminiwa mpaka usiku usilale. Na hapa ndio Kiswahili chako kinafanya kazi manake kuna Waomani wengi wenye asili ya Unguja na pwani yetu, wewe unapiga simu nyumbani unapiga kelele zako mara mzee wa pembeni anageuka.

"Wewe mtu wa wapi?"
"Wa Amu, ami."
"Amu! Haya sogea, sogea hapa. Kina nani wa Amu?"

Hapo tena umekwisha, utaulizwa ukoo mpaka babu wa babu, na alasiri ya kesho una kiti chako.

Istanbul jambo moja lijue mapema, vile vijiwe vya wazee wa mtaa wanavyoviita kıraathane, wengi mle wanakunywa chai sio kahawa, kahawa ni ghali zaidi na inakuja na glasi ya maji. Sukari unasema wakati wa kuagiza kwa sababu inachemshwa pamoja na kahawa, ukitaka bila sukari sema sade, ya kati orta. Ikifika usikoroge, ngoja machicha yatulie chini, kunywa polepole na acha ya mwisho, ukimeza ile tope utajilaumu. Wazee watakuwa kwenye michezo yao ya mezani, okey au tavla, kaa meza ya pembeni tazama mchezo, mtu akikaa akitazama vizuri ataitwa tu, sawa na bao letu, hakuna mchezaji asiyependa shahidi.

Italia ndugu zetu wa Malindi wangetufundisha, wao wamekaa na Wataliano miaka na wanaongea nao lugha yao. Ila kwa sisi wengine, kahawa Italia inanyweka mahali pameandikwa bar. Usiogope bango, asubuhi pale ni kahawa na mikate mitamu na watoto wa shule wamo, pombe iko kabatini kwa anayeitaka na kila mtu na dini yake, anayeona hapafai aache. Kunywa umesimama kaunta kama wenyeji, bei ni ndogo, ukikaa mezani kikombe kilekile kinaweza kupanda maradufu na zaidi hasa kwenye viwanja vikubwa vya watalii. Sehemu nyingi unalipa kwanza kwa keshia unapewa kikaratasi ndio unaenda kaunta. Ukisema caffè tu utapewa ile ndogo kali, ukisema latte utapewa maziwa matupu. Kapuchino ni ya asubuhi, mchana watakupa lakini watakuangalia.

Uholanzi nitasema haraka. Amsterdam nyumba yenye bango la coffeeshop inauza bangi. Kahawa iko kwenye café za kawaida au koffiehuis. Mtumie mama yako ujumbe huu kabla hajapanda ndege kwenda kumuona mjukuu.

Chennai, kwa wale wa hospitali, kahawa yao ni ya maziwa, inakuja kwenye kikombe cha chuma ndani ya kibakuli cha chuma, unamimina huku na huku ipoe na itoe povu, wengine wanachanganya na chikori, mzizi uliokaangwa na kusagwa. Ni tamu mno, sema mapema kama una sukari mwilini, na wengi wetu tunaokwenda kule ndiyo hiyo sukari iliyotupeleka. Tafuta vihoteli vya karibu na hospitali saa za asubuhi, utakuta wenzako wanaouguza kutoka nchi mbalimbali, na kumbe mtu anayeuguza ndiye anayehitaji kijiwe kuliko mtalii, mle ndani mtapeana habari za daktari gani na chumba cha kupanga wapi bei nafuu.

Vienna weita wana sifa ya kununa hata kwa watu wao, usijipe presha. Unaagiza kikombe kimoja kinakuja kwenye sinia na glasi ya maji na una haki ya kukaa na magazeti yao mpaka uchoke, hakuna atakayekuletea bili hujaiomba. Ila pale na Ujerumani tazama meza kabla hujakaa, ukiona imeandikwa Stammtisch hiyo ni ya wenyewe wa kila siku, hata ikiwa tupu. Wewe si unajua nyumbani kuna pembe ya baraza ambayo mzee fulani akija unainuka bila kuambiwa? Huko wao wameandika tu.

Tukija kwa halali na haramu, kwa sababu hili watu wanaona haya kuuliza. Kuna kahawa zinatiwa pombe na jina halikwambii. Italia caffè corretto ina kileo ndani, Vienna ile inayoitwa Fiaker ina pombe, Irish coffee ni wiski, na tiramisu keki yao mara nyingi wanatia marsala ambayo ni mvinyo. Uliza, hakuna anayechukia. Na ukiwa Saudia au Oman mwezi wa Ramadhani mchana usitafute hata hiyo kahawa, subiri magharibi, usiku ndio mji unaamka.

Kina dada na kina mama mtaniuliza na sisi je, maana yote niliyosema ya wazee na bao ni ya wanaume. Kweli. Mabaraza yetu wenyewe Lamu ya wanaume na tusijifanye hatujui, mwanamke wa kwetu kahawa yake anainywa uani na wenzake. Istanbul kıraathane ya mtaa mwanamke hakatazwi kwa sheria lakini utajisikia, wewe nenda pastane, duka la mikate na keki lenye meza, au bustani za chai zilizoandikwa aile, za familia, kule wamejaa kina mama na watoto na ndiko kwenye stori za maana. Addis uko huru kabisa, mwenye kahawa mwenyewe ni mwanamke. Saudia zamani mikahawa ilitakiwa iwe na mlango wa familia na mlango wa wanaume peke yao, tangu Desemba 2019 si lazima tena, baadhi wameacha na baadhi wanaendelea, angalia mlangoni. Ulaya utakaa popote, na wengi waliozoea wananiambia wanachagua meza ya karibu na kaunta ili mwenye duka awe jirani, hiyo ni akili.

Pesa. London na Amsterdam kuna vikahawa vingi havipokei noti kabisa, kadi tu, na mpesa yako kule ni namba tu kwenye simu, kwa hivyo panga kadi kabla hujatoka. Usigeuze kila kikombe kuwa shilingi, utanyamaza kwa uchungu na hutazungumza na mtu. Marekani mezani wanategemea bakshishi, Italia kaunta haidaiwi.

Simu weka mfukoni. Sisi wa Amu tunajua inavyokera umekaa na kahawa yako barazani, kanzu yako ya Ijumaa, mara kamera hiyo mbele ya uso, mtu hata jina lako hajauliza. Basi usiende ukawafanyia wazee wa watu vilevile. Ukitaka picha piga siku ya mwisho, na uwe ndani ya picha na wewe.

Mazungumzo anza na mpira, hakuna mahali hausaidii, ila Istanbul usiseme unashabikia nani mpaka ujue chumba ni cha Galatasaray au Fenerbahçe. Siasa ya kwao waachie wenyewe, wewe sikiliza. Baraza za kahawa zimewatisha wakubwa tangu zamani, Makka 1511 gavana alipiga marufuku kahawa, na London mwaka 1675 mfalme Charles wa Pili alitoa amri nyumba za kahawa zifungwe kisha akaifuta mwenyewe kabla haijaanza kufanya kazi, watu walikuja juu. Kwa hivyo utasikia mengi, mengine makali, kunywa kahawa yako.

Na sasa lile ambalo watu wanalikosa kuliko yote. Rudi. Kesho yake, saa ileile, agiza kilekile, kaa karibu na palepale. Mtu wa siku ya kwanza ni mpita njia, hakuna atakayejisumbua naye na si chuki, hata Mkunguni ni hivyohivyo. Siku ya pili mwenye duka anakukumbuka, siku ya tatu anakuuliza unatoka wapi. Wasafiri wengi wanahama kila siku kahawa mpya kwa ajili ya picha, wanarudi na picha nyingi na hawamjui mtu hata mmoja. Ukikaa mji wiki moja chagua mahali siku ya kwanza, hata kama si pazuri sana, ushikilie hapo. Isipokuwa ukiona waliokuja nyuma yako wanahudumiwa na wewe uko palepale, na umeita kwa adabu na macho yanakupita, hapo usibaki kuhesabu ubaguzi, inuka, mji una vikahawa vingi.

Na kama una masaa tu kati ya ndege na ndege na unaruhusiwa kutoka uwanjani, mwambie dereva wa teksi asikupeleke mahali pa wageni, muulize yeye mwenyewe asubuhi anakunywa wapi, mlipie kikombe mkae wote, na mwambie mapema ndege yako ni saa ngapi.